Vidole Vilivyosubiri Soko

Mashine ilimkataa Somoe mara sita. Mara tano za kwanza iliwasha taa nyekundu kimyakimya. Mara ya sita ikalia, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakanyoosha shingo kutazama kuna nini. Happiness, karani kijana wa Ofisi ya Mradi wa Kambini, alichukua kitambaa akaifuta mashine, akamfuta na Somoe dole gumba kama mtu anayemfuta mtoto pua, kisha akamwambia wajaribu kidole kingine.

"Vyote nshavijaribu, mwanangu," Somoe akasema.

"Basi turudi cha kwanza, mama. Usibonyeze. Weka tu, kwa upole."

Akaweka kwa upole. Nyekundu. Happiness akaushika mkono wake, akaugeuza, akautazama kiganjani. Kucha zilikuwa nyeusi na ngozi ya pembeni imebanduka, lakini ncha zenyewe za vidole zilikuwa laini na zinang'aa, hazina hata mstari mmoja. Akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nabangua korosho."

"Wewe ni wa tisa tangu asubuhi," Happiness akasema, naye hakusema kwa ubaya. "Mama, mfumo haujui korosho. Mfumo unajua kidole."

Somoe alikuwa amekuja na kila kitu. Kitambulisho cha taifa, chenye picha yake. Fomu ya miaka tisa iliyopita, imegeuka rangi ya chai, yenye mhuri na maneno kwamba Somoe Selemani, mkaanga pweza na mihogo wa Getini, ametengewa kizimba namba 47 katika soko litakalojengwa ndani ya kambi ya zamani. Aliviweka vyote mezani, akavipanga vizuri, na Happiness akavirudisha vyote vilevile. Uso si kigezo, alisema. Karatasi si kigezo. Zamani walikuwa wakikubali karatasi, huko kwingine marehemu wakapata vizimba.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Abdulmalik, alikuwa amekaa hapohapo kwenye kiti cha plastiki, maana uhakiki ulikuwa unafanyika mbele ya serikali ya mtaa. Mtu huyu alikula pweza wa Somoe miaka kumi mfululizo, na nusu ya pweza hao alikula kwa mkopo. Somoe akamgeukia, akamwomba amsemee.

Abdulmalik akakohoa. Akasema yeye kama Abdulmalik anamjua Somoe vizuri sana, na hata baba yake Somoe alimjua, Mungu amrehemu. Lakini kama mwenyekiti hawezi kumjua, kwa sababu maelekezo yanasema mwenyekiti asimjue mtu kabla mashine haijamjua. Watu wakacheka kidogo. Somoe hakucheka. Aliona uso unamwaka moto, akakusanya karatasi zake akazifunga kwenye ncha ya kanga.

Kwa walioshindwa kulikuwa na awamu ya pili, Happiness akamweleza, siku ishirini na nne mbele, Jumatano, hapohapo. Atakayeshindwa siku hiyo kizimba chake kinarudi kwa mradi, nao mradi utakipigisha kura kwa waombaji wapya. Waombaji wapya walikuwa mia nne na zaidi. Kumwandikisha mtu mwingine badala yako hakuruhusiwi, awe mume, awe mtoto. Bi Nuru, muuza kaukau za viazi, alikufa mwaka juzi, na watoto wake waliambiwa kizimba kimekufa naye.

*

Kizimba hicho hakikuwa zawadi, wala sadaka. Enzi kambi ikiwa hai, geti lake lilikuwa na wachuuzi mia moja na kumi na wawili, na wote walikula kwa tumbo la askari. Askari anakula, anakata nywele, anashona suruali, anatuma pesa kwao. Mtaa mzima uliota pale, na ndiyo maana unaitwa Getini hadi leo ingawa geti lenyewe limefungwa mnyororo. Kisha jeshi likahamishwa. Malori yalibeba vitu siku sita, siku ya saba palikuwa kimya kiasi cha kusikia kunguru.

Watu wa Getini waliambiwa wafurahi. Ndani ya miezi kumi na miwili pangekuwa na soko, stendi, viwanja vya makazi, na barabara ya kukatisha moja kwa moja hadi upande wa bandari. Wale wachuuzi wakaombwa waondoke getini kupisha matrekta. Wakapewa fomu, kila mmoja na namba yake, wakapiga makofi. Matrekta hayakuja. Walikuja wageni. Mgeni wa kwanza akaweka jiwe la msingi, akavuta pazia, akapigiwa ngoma. Mgeni wa pili akaweka la kwake, kwa sababu la kwanza lilikuwa na jina la mtu aliyekwishahamishwa. Baada ya miaka mitatu likaja la tatu. Mawe ya msingi matatu, msingi hamna.

Kumbe ofisi mbili zilikuwa zinagombea ardhi ile, kila moja na faili lake, kila moja na bango lake, na mabango yote mawili yalisimama getini yakimkataza mtu mmoja mara mbili. Mlinzi, Petro, mwanajeshi mstaafu, alilipwa na ofisi hii mwezi huu na ile mwezi ujao, na miezi mingine hakuna aliyemkumbuka. Alikuwa analinda majani. Mabati ya maghala yaliliwa na chumvi na yale yaliyobaki yakaliwa na wezi. Huku nje, wauza mboga wa mjini walikuwa wametandika maturubai pembezoni mwa barabara, malori ya korosho yakiwarushia matope usoni. Nyumba za wageni za Getini ziligeuka mabanda ya kuku. Na ukuta ule, kilomita mbili kasoro, uliendelea kuukata mji vipande viwili, hata mgonjwa wa Getini kwenda hospitali azunguke kwanza mtaa wa Chuno ndipo afike mahali anapopaona kutokea dirishani kwake.

Ngojangoja huumiza matumbo. Somoe alingoja mwaka mzima akikaanga pweza barazani kwake, lakini mtaani kila jirani alikuwa naye anakaanga, na mkaangaji hamlishi mkaangaji. Mwaka wa pili akamkubalia Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na mkataba na wafanyabiashara wa Dar. Aliwagawia wanawake korosho ghafi majumbani, wao wakazichoma, wakazibangua, wakazimenya, yeye akazipima na kulipa kwa kilo ya zile zilizotoka nzima. Somoe alijiambia ni kwa miezi michache, mpaka soko lifunguliwe.

Wanaokula korosho hawajui kilichomo kwenye ganda lake. Ganda lina mafuta meusi, na mafuta hayo yanachoma. Wanawake hujipaka majivu viganjani kabla ya kuanza, lakini majivu hayazuii, yanachelewesha tu. Glovu zilijaribiwa, kwa siku mbili zinayeyuka, na mwenye glovu anavunja kokwa. Mwaka wa kwanza vidole vinabanduka na kuuma. Mwaka wa tatu haviumi tena. Miaka mitatu nyuma, laini ya simu ya Somoe ilipopotea, wakala alishindwa kumsajili upya, ikabidi isajiliwe kwa kidole cha mumewe. Nyumbani walicheka sana. Chande akasema sasa mkewe akitaka kutoroka itabidi amwombe kidole. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba iko siku kicheko kile kitadaiwa.

*

Tabibu wa zahanati alivitazama vidole vya Somoe kwa tochi ya simu. Somoe alikuwa anataka barua, kwa sababu Happiness alimwambia mtu mwenye ulemavu wa mikono anaweza kuombewa msamaha.

"Siwezi kukuandikia ulemavu, mama," tabibu akasema. "Huna ulemavu. Una kazi."

Akamwambia aache kubangua wiki tatu, nne, ajipake mafuta ya nazi asubuhi na jioni, asiguse majivu wala sabuni kali, na ngozi itarudi na mistari yake. Alisema hivyo kama mtu anayeagiza kidonge kimoja kutwa mara tatu.

Wiki tatu bila kubangua. Somoe alirudi nyumbani akaliweka jambo hilo mbele ya mumewe na binti yake Yasmini. Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Meli za korosho zilikuwa zimekwisha kuondoka, na Chande, kibarua wa kubeba magunia bandarini, alikuwa anapata siku mbili za kazi kwa wiki, akibahatika tatu. Nyumba ilikuwa inakula kwa karai la Somoe la kuchomea korosho. Yasmini alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu. Anatimiza miaka kumi na minane mwezi wa sita, aandikishwe kitambulisho, kisha aombe chuo cha uuguzi. Alikuwa na barua zake zote ndani ya bahasha chini ya godoro.

"Kizimba chenyewe umekiona?" Chande akauliza hatimaye.

"Nimekiona kwa mbali. Wameezeka upande mmoja. Namba wamepaka kwa rangi, arobaini na saba iko karibu na bomba la maji."

"Karibu na bomba," Chande akarudia. Aliyekaa karibu na bomba ndiye anayekaanga. Wote watatu walilijua hilo. Akasema, basi, mama Yasmini, pumzisha mikono. Yeye atabangua.

Somoe akamtazama, akataka kucheka, akaacha. Hakumruhusu Yasmini hata siku moja kulisogelea karai, na Yasmini alipofungua mdomo sasa, mama yake akamwonyesha kiganja tu, akafunga.

Bi Rukia alifika Alhamisi na kirikuu chake. Alisikiliza habari za vidole akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu mwenye ahadi ya kilo mia tatu kabla ya Ramadhani.

"Somoe, dada yangu, korosho hazina likizo," alisema. "Nikikuwekea nafasi yako, na Esta naye ataniambia nimuwekee, na Maria. Nitabangua mwenyewe?"

Alikubali kumwachia Chande gunia moja kwa majaribio. Mengine akayapeleka nyumba ya tatu.

*

Chande alibangua siku tano. Mtu wa kubeba gunia la kilo mia mgongoni alikaa juu ya kigoda, magoti yakimgonga kidevuni, akipiga korosho kwa kipande cha mti wa mkwaju kama anayeua nge. Korosho inataka kipigo kimoja cha pembeni, chepesi, ganda lifunguke lenyewe. Somoe alikaa mbali naye, mikono imepakwa mafuta ya nazi na kulazwa juu ya kanga, akimwelekeza kwa mdomo. Akasema polepole, akasema pembeni, akasema baba Yasmini hiyo si kufuli. Siku ya tatu mafuta yakamchoma Chande mapaja na kope. Siku ya tano Bi Rukia akapima, akamwaga mezani zile zilizovunjika, na zilizovunjika zikawa nyingi kuliko nzima. Alilipa za nzima. Zile vipande akasema wale wenyewe, ni chakula kizuri, na gunia la pili hakushusha.

Wakala vipande vya korosho siku tatu, mchana na jioni. Watu wa miji mikubwa wangelipa pesa nyingi kula vile. Baada ya hapo Chande akauza baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyokuwa ikimzungusha ukuta wa kambi alfajiri ili awahi majina yanapoitwa bandarini. Sasa akaanza kuuzunguka kwa miguu. Wiki ya pili meli ikaingia kupakia saruji, kazi ya siku nne, na Chande akafika geti la bandari jasho likimtoka wakati majina thelathini yamekwisha kuitwa na mlango umefungwa. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akalala akiangalia ukutani. Somoe hakumuuliza kitu, na kutokumuuliza huko kulimuuma Chande zaidi ya kuulizwa.

Somoe alikwenda kijijini Mahurunga kwa kaka yake, Amiri, kuomba makopa, mihogo mikavu ya kusaga ugali. Aliwakuta shambani, wifi yake na wanawake wengine wawili, lundo la mihogo mbele yao, wanamenya. Wifi akamsogezea kisu kama inavyopasa; mgeni wa nyumbani hakai akitazama watu wanafanya kazi. Somoe akakitazama kisu. Utomvu wa muhogo, mchanga, kazi ya mpaka jioni. Akasema mikono yake haiko sawa.

"Ina nini? Mie naiona inang'aa," wifi akasema. "Imepakwa mafuta kama ya bibi harusi."

Somoe akajaribu kueleza. Mashine, mistari, Jumatano. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Wale wanawake wengine wakainamisha nyuso. Wifi akamenya muhogo mzima kwanza, ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wao huku kila mwaka wanasikia mjini kuna soko jipya, kumbe soko lenyewe la watu wa mjini ni shamba la watu wa huku. Amiri alimpa dada yake nusu gunia la makopa. Somoe akarudi nalo kichwani kutoka stendi, akilishikilia kwa viganja, vidole vimeinuliwa juu visiguse gunia, na watoto wa Getini wakamwigiza njia nzima.

Lakini vidole vilikuwa vinarudi. Yasmini ndiye aliyebuni namna ya kuvipima. Kila Jumatano alikwangua masizi chini ya sufuria, akampaka mama yake dole gumba, akalibonyeza kwenye ukurasa wa daftari la zamani la Baiolojia, akaandika tarehe. Wiki ya kwanza lilitoka doa jeusi tu. Wiki ya pili, ukiusogeza ukurasa mwangani, uliona michirizi miwili mitatu pembeni. Wiki ya tatu mistari ilikuwa imezunguka katikati, mmoja ndani ya mwingine, na Chande akalichukua daftari akalipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Ni wewe huyu," alisema.

Somoe alilia kidogo. Alikuwa hajajua kwamba mtu anaweza kuukumbuka mwili wake mwenyewe kwa hamu namna ile. Usiku ule walikula ugali wa makopa kwa chumvi na pilipili, nao wakaongea kuhusu mafuta ya kukaangia, yanauzwa wapi kwa bei ya jumla, na kama itabidi kununua karai jipya au lile la zamani linafaa. Chande akasema wakifungua soko Shawali, watakuwa wamekwisha fidia baiskeli kabla ya Mfunguo Tatu. Kwa mara ya kwanza tangu askari waondoke walipiga hesabu ya kitu ambacho kingeingia.

*

Jumatano ya awamu ya pili iliangukia siku ya vunja jungu. Nyumba zenye uwezo zilikuwa zinapika pilau ya kuuaga mwezi wa kula mchana. Somoe alioga, akavaa gauni lake la Idi iliyopita, akafunga mikono yake yote miwili ndani ya kitambaa safi, akaondoka nyumbani saa moja na nusu.

Alikuta watu kama ishirini wamesimama mbele ya mlango wa ofisi, na mlangoni pamebandikwa karatasi. Aliyekuwa mbele akaisoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma, kisha akairudia kwa waliokuwa hawaamini. Zoezi la uhakiki awamu ya pili limesitishwa hadi litakapotangazwa tena, kutokana na kutokamilika kwa taratibu za umiliki wa ardhi kati ya taasisi husika. Wananchi wanaombwa kuwa na subira.

Ofisi mbili zilikuwa zimerudi kugombana. Ilisemekana mmoja wa wakubwa amegundua kwamba upande ulioezekwa wa soko umeezekwa juu ya ardhi ya mwenzake.

Watu walitukana kidogo, wakaondoka. Somoe hakuondoka. Ndani, Happiness alikuwa anapanga mafaili kwenye maboksi. Abdulmalik naye alikuwepo, amekuja kusaini karatasi ya posho. Somoe aliingia bila kubisha, akafungua kile kitambaa.

"Nshakuja," alisema. "Vimerudi. Nichukue leo, mkitangaza utakuwa umekwisha kunichukua."

"Mama, imesitishwa."

"Nimesikia. Sitaki kizimba leo. Nataka uchukue kidole tu."

Happiness akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama posho yake. Yule binti akainuka, akafunga mlango, akaitoa mashine ndani ya boksi alimokuwa amekwisha kuifungia, akaiwasha. Wakangoja. Akamwambia aweke, kwa upole.

Taa ikawa kijani. Ilikuwa mara ya kwanza Somoe kuiona rangi ile. Kwenye kioo ikatokea picha yake ya kitambulisho, ya miaka kumi iliyopita, kabla ya korosho, mashavu yamejaa, na jina lake lote, na kijiji alichozaliwa.

"Imekusoma, mama," Happiness akasema taratibu.

"Haya. Hifadhi."

"Sehemu ya kuhifadhi wameifunga tangu asubuhi, makao makuu. Inaonyesha tu. Haiandiki." Akaigusa mashine hapa na pale ili Somoe aone mwenyewe kwamba haiandiki. "Wakifungua…"

"Lini?"

"Hawajasema. Mwezi mmoja. Mwaka. Mimi mwenyewe mkataba wangu unaisha Ijumaa, mama."

Ile picha ikakaa kidogo, kisha kioo kikazimika chenyewe. Abdulmalik akaona ni wajibu wake kusema neno. Akasema subira yavuta heri, hasa mwezi huu mtukufu unaoingia, na mtaa hautamsahau.

"Subira yangu mmeila, mwenyekiti," Somoe akasema. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana yule mzee hakujua aangalie wapi. "Mmeila yote, kama mlivyomla pweza wangu. Tena kwa mkopo."

Akafunga mikono yake kwenye kitambaa kwa mazoea, akatoka. Nje akakumbuka kwamba hakuna sababu ya kuifunga, akakifungua kitambaa akajifutia jasho.

*

Kirikuu cha Bi Rukia kilikuwa kimesimama mbele ya nyumba. Habari za karatasi ya mlangoni zilimfikia Bi Rukia kabla Somoe hajafika kwake. Mjini habari mbaya hazizunguki ukuta. Alikuwa ameshusha magunia mawili, la kwanza limekwisha kubebwa nyuma ya nyumba. Alimpa Somoe pole, akamaanisha, kisha akamwambia kwamba Maria amejifungua kwa hiyo nafasi ipo, lakini bei imeshuka. Ilikuwa elfu moja kwa kilo, sasa ni mia nane. Wanawake wanaotaka kubangua watakuwa wengi sasa soko limeahirishwa. Asipotaka, hapo nyumba ya tatu wanataka.

"Nimekubali," Somoe akasema.

Bi Rukia akawasha gari. Somoe akazunguka nyuma ya nyumba. Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Chande alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mikono imening'inia katikati ya magoti, na mbele ya karai, juu ya kigoda cha mama yake, alikuwa amekaa Yasmini. Alikuwa amejipaka majivu mpaka kwenye viwiko. Korosho za mkupuo wa kwanza zilikuwa zimechomwa na kumwagwa mchangani kupoa, na binti alikuwa ameshika kipande cha mti, bado hajapiga.

"Tumeshazungumza na baba," Yasmini akasema haraka. "Wakitangaza leo au mwaka ujao, vidole vyako viwepo. Mie nitabangua. Nimekuangalia miaka minane, najua. Mama, wewe usiguse."

Somoe akamtazama Chande. Chande akasema kwamba na yeye ameona hivyo. Mtu mmoja lazima abangue na mtu mmoja lazima awe na vidole; hakuna hesabu nyingine. Alisema maneno hayo akitazama mchanga.

Ilikuwa hesabu sahihi. Somoe aliipiga na yeye pale aliposimama, akaona haina kosa. Ofisi itatangaza siku moja, hiyo haina shaka, na atakayekuwa na vidole siku hiyo atakaa karibu na bomba la maji. Akahesabu pia miezi mpaka wa sita, siku ya Yasmini kwenda kuandikishwa kitambulisho, na ya kwenda chuo, na ya kusajili laini, na ya kusimama mbele ya kila mashine ambayo watu hawa wataileta.

Akamwinua binti yake kwa kiwiko. Akampeleka kwenye ndoo, akammiminia maji, akamsugua majivu kidole kimoja kimoja mpaka vyote kumi vikatakata. Yasmini alikuwa analia sasa, anasema mama mistari ndiyo kwanza imerudi, mama wiki tatu zote, mama baiskeli ya baba.

"Mie nilishaandikishwa," Somoe akamwambia. "Wewe bado."

Akakaa kwenye kigoda. Akachota majivu akajipaka kiganja, akajipaka na cha pili, na mistari ikaonekana vizuri sana kwa dakika moja, myeupe, imezunguka. Chande akauliza, karibu kwa kunong'ona, na kizimba je?

"Wampe anayeweza kungoja," Somoe akasema, akaokota korosho ya kwanza. Kisha akamwambia Yasmini asogee pembeni, moshi unakuja upande wake.